Mtoto mwenye nguvu za ajabu mikononi mwa waovu: kwa nini hatoroki, na kosa la matendo yake ni la nani?

Mleta uzi

Nawasalimu wote mnaosoma na mnaotunga hadithi. Naleta mada inayohusu kisa ambacho sote tumekutana nacho kwa sura mbalimbali: mtoto amejaliwa uwezo unaopita wa binadamu wa kawaida, pengine anasogeza vitu bila kuvigusa, anasikia mawazo ya watu, anawasha moto akikasirika au anaona jambo kabla halijatokea, watu waovu wanapata habari zake, wanamweka mikononi mwao, na tangu hapo wanamshinikiza autumie uwezo huo kwa manufaa yao. Kisa hiki kina mvuto wa kudumu kwa sababu kinaweka katika mwili mmoja mambo mawili ambayo hayakai pamoja, yaani nguvu zisizo na mfano na unyonge wa mtu ambaye hawezi hata kujipikia wala kuamua alale wapi.

Hoja yangu ni kwamba hadithi nyingi za aina hii huharibika kwa sababu mtunzi huzishughulikia nguvu na kulisahau shinikizo. Tunapewa kurasa nyingi za majaribio, ya kuta zinazopasuka na vioo vinavyovunjika, kisha shinikizo lenyewe linamalizwa kwa sentensi moja ya kwamba walimtishia akakubali. Mimi naona uwezo wa ajabu ndio sehemu nyepesi ya kazi, kwa kuwa mtunzi anaweza kuubuni apendavyo na hakuna wa kumpinga. Sehemu ngumu, na ndiyo inayobeba hadithi, ni namna mtu mzima anavyojipenyeza katika dhamiri ya mtoto hadi mtoto akamtumikia kwa mikono yake mwenyewe, huku akiamini kwamba hana njia nyingine au, jambo baya zaidi, akiamini kwamba anatenda mema.

Jambo hili halihitaji kubuniwa kutoka hewani, kwa maana mbinu za kuvunja utashi wa mtu zimechunguzwa. Mwaka 1957 mtafiti Mmarekani Albert Biderman, aliyekuwa amechunguza yaliyowapata wanajeshi wa anga wa Marekani walioshikwa mateka katika vita vya Korea, alichapisha maelezo ya mbinu nane zilizotumika kuwafanya watii: kutengwa na wenzao, kubanwa fikra hadi mateka asiwaze kingine ila hali aliyomo, kuchoshwa na kudhoofishwa mwili, vitisho, fadhila za hapa na pale, kuonyeshwa kwamba aliyewashika anaweza yote, kudhalilishwa, na kulazimishwa kutii masharti madogo madogo. Jambo ambalo kila mtunzi angepaswa kulizingatia ni kwamba kipigo na mateso ya mwili hayakuwamo katika orodha hiyo, na Biderman alieleza kwamba hayakuwa ya lazima ili mtu atii. Hao walikuwa watu wazima, askari waliofunzwa. Sasa chukua mbinu hizohizo umwelekezee mtoto wa miaka minane.

Kutengwa, kwa mtoto, hakuhitaji chumba chenye giza wala minyororo. Inatosha kumwambia kwamba wenzake wakijua anachoweza kukifanya watamwogopa, kwamba mama yake mwenyewe alilia usiku alipokiona, na kwamba duniani kuna mtu mmoja tu asiyemwogopa, naye ndiye anayezungumza naye wakati huu. Maneno hayo yana hatari kwa sababu sehemu yake ni kweli. Mtoto wa ajabu kwa kawaida ameshaonja kuogopwa. Ameshaona jirani akimvuta mwanawe pembeni. Mwovu hapandi upweke ndani ya mtoto. Anaukuta tayari umeota, anaumwagilia maji, kisha anajitambulisha kuwa ndiye dawa yake.

Fadhila za hapa na pale ndizo zinazosahauliwa sana na watunzi, ingawa naziona kuwa kiini cha jambo lenyewe. Mwovu anayechukiza kila dakika hawezi kumshika mtoto kwa muda mrefu, kwa kuwa mtoto atamchukia waziwazi na chuki hiyo itamlinda. Anayemshika ni yule anayekasirika leo na kumkumbatia kesho bila utaratibu unaoeleweka, hadi mtoto anatumia akili yake yote, ambayo ni akili kubwa, kuchunguza kilichomfurahisha mtu huyo mara ya mwisho ili akirudie. Kipaji cha mtoto hapo kinageuka dhidi yake mwenyewe. Aliyejaliwa kuhisi mawazo ya watu atahisi kutoridhika kwa bwana wake kabla bwana huyo hajafumbua mdomo, naye atakimbilia kumridhisha kabla hajaombwa.

Masharti madogo madogo nayo yana kazi yake. Hakuna anayeanza kwa kumwambia mtoto aue. Anaanza kwa kumwomba asogeze kikombe, halafu afungue kufuli la sanduku ambalo ni la nyumba hiyohiyo, halafu la nyumba nyingine, halafu amzuie mlinzi asisogee kwa dakika chache tu, na kila hatua iko karibu mno na iliyotangulia kiasi kwamba mtoto hapati mahali pa kusimama na kusema kwamba hapa ndipo ubaya ulipoanza. Siku atakapotaka kukataa ataulizwa kwa upole mbona jana hakukataa. Mbinu zilizobaki sitazieleza kwa kirefu, kwa sababu vitisho na udhalilishaji vinafahamika na watunzi hawavisahau.

Katika hadithi za kale tunaye Fumo Liyongo, shujaa ambaye silaha za kawaida hazikumdhuru, ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni mwake. Adui zake hawakuishinda nguvu hiyo uwanjani. Walipitia kwa mwanawe, wakamrubuni kwa ahadi za cheo na ndoa, naye akaenda kumuuliza baba yake siri ya kifo chake. Kijana yule hakuwa na nguvu za ajabu kama za mzazi wake. Alichokuwa nacho ni mlango ambao mtu mwingine yeyote asingefunguliwa. Nimemtaja kwa sababu anaonyesha kwamba masimulizi yetu yalishatambua zamani kwamba nguvu kubwa hufikiwa kupitia mapenzi na kuaminiana, na kwamba mwovu mwenye akili hutafuta kwanza nani anampenda nani.

Kwa hiyo nauliza mambo mawili. Kwanza, mnapotunga au mnaposoma, ni nini kinachowafanya muamini kwamba mtoto mwenye uwezo wa kubomoa jengo hawezi kutoka ndani ya jengo hilo? Pili, akishatumiwa kufanya uovu, kosa la uovu huo mnalipeleka kwa nani? Nitashukuru kama mtajibu kwa mifano na kwa kina.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, nimeisoma mada yako kwa makini na nakubaliana na sehemu kubwa, lakini sijaridhika na jambo moja ambalo hunisumbua kila ninaposoma hadithi za namna hii. Umetueleza kwa ufasaha jinsi mateka anavyovunjwa utashi, ila wale mateka wa vita hawakuwa na uwezo wa kuangusha kuta. Mtoto huyu anao. Akiamka asubuhi moja amechoka, au ameudhika kama watoto wanavyoudhika, anaweza kuwateketeza wote kabla hawajamaliza kupiga ukelele. Hasira ya mtoto haipimi matokeo. Mimi kama msomaji huhisi kwamba mtunzi amemfunga mtoto kwa kamba isiyoonekana kwa sababu tu bila kamba hiyo hadithi ingekwisha katika sura ya pili. Je, hakuna jibu la nguvu kwa nguvu, kwa mfano dawa au kifaa cha kuzima uwezo wake?

Mleta uzi

Nashukuru kwa swali hili, na nitalijibu kwa urefu kwa kuwa ndilo linaloamua kama hadithi itasimama.

Kuhusu dawa na kifaa cha kuzima uwezo, binafsi siipendi njia hiyo, na sababu yangu ni ya kiufundi. Mtunzi akishaweka pingu zinazozima nguvu, amewarudisha mwovu na mtoto katika hali ya kawaida ya mfungwa na askari jela. Swali lililobaki ni lini pingu zitafunguka, na msomaji ataketi akilingoja tukio hilo moja tu. Shinikizo limetoweka, kwa maana aliyefungwa hashinikizwi, anazuiwa tu. Isitoshe, mwovu anazihitaji nguvu hizo zifanye kazi, kwa hiyo kila anapomtumia mtoto itambidi azifungue pingu, na hapo hoja yako inarudi palepale.

Sasa kuhusu hasira. Mwaka 1961 Stanley Milgram alianza majaribio yake katika Chuo Kikuu cha Yale, ambapo watu wazima wa kawaida, waliokuja kwa hiari yao, waliamriwa kumpiga mtu mwingine shoti za umeme zilizoongezeka hatua kwa hatua. Shoti hazikuwa za kweli, lakini wao hawakulijua hilo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1963, watu 26 kati ya 40 waliendelea hadi kiwango cha mwisho, volti 450, kwa sababu mtu aliyevaa koti la maabara aliwaambia kwamba jaribio linataka waendelee. Hawakufungwa, mlango haukuwa na ulinzi, na hakuna aliyewatishia. Wangeweza kuinuka na kuondoka wakati wowote. Walitetemeka, walitoka jasho, walilalamika, na waliendelea. Kama mtu mzima mwenye miguu na mlango wazi hakuondoka, basi kuwa na uwezo wa kuondoka ni jambo dogo kuliko tunavyodhani. Mtoto anayeweza kupasua ukuta yuko katika hali hiyohiyo: ukuta kwake ni mlango wazi, na bado hatoki.

Kuna sababu nyingine ninayoiona kuwa na uzito kuliko hiyo. Mtoto hajui kwamba yeye ndiye mwenye nguvu zaidi chumbani. Tangu alipozaliwa, watu wazima ndio waliomwinua na kumweka chini, ndio waliojua chakula kinatoka wapi na giza likiingia nini kifanyike, na mpangilio huo umekaa ndani yake kabla ya kipaji chake hakijaota. Mwovu anachofanya ni kuulinda mpangilio huo usivunjike. Ndiyo maana ile mbinu ya kumwonyesha mateka kwamba aliyemshika anaweza yote ina kazi kubwa katika hadithi hizi; mwovu hodari atahakikisha mtoto anaamini kwamba ajuacho kuhusu nguvu zake ni kile alichoambiwa na yeye tu, kwamba bila maelekezo yake zitamlipukia mwenyewe au zitamuua mdogo wake.

Sababu ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi. Shinikizo la aina hii hufanya kazi kwa mtoto mwema tu. Mtoto asiyejali uhai wa wengine angewateketeza waovu asubuhi ileile unayoisema, tena bila kujutia, na hakuna ambaye angeweza kumtisha kwa maisha ya dada yake. Anayeshikika ni yule anayeogopa kuumiza. Mwovu anajenga ngome yake juu ya wema wa mtoto, anautegemea kila siku, huku akifanya bidii kuuharibu. Humo ndani mna mkinzano ambao mtunzi akiuona atapata msukumo wa hadithi nzima: siku mtoto atakapokuwa katili kiasi cha kumfaa bwana wake kikamilifu, ndiyo siku ambayo bwana huyo hatakuwa na kamba ya kumshikia.

Hasira inayolipuka inaweza kutokea, nakubali. Ikitokea, isiwe mwisho wa utumwa. Iwe mwanzo wa utumwa mbaya zaidi, kwa kuwa mtu asiye na hatia atakuwa ameumia, na mwovu atakuja kumpangusa mtoto machozi na kumwahidi kwamba hatamwambia mtu yeyote.

Mchangiaji wa pili

Nachangia swali la pili, la kosa ni la nani, kwa sababu nimesomea sheria na nadhani watunzi wanaweza kuazima mengi huko bila kuigeuza riwaya kuwa kesi.

Sheria ya kimataifa imekutana na mtoto huyu, ingawa silaha aliyopewa ilikuwa bunduki na si uwezo wa ajabu. Mkataba wa Roma, unaoiongoza Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu, unahesabu kuwa uhalifu wa kivita kuandikisha watoto walio chini ya miaka 15 katika vikosi au kuwatumia vitani, na hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo, iliyotolewa mwaka 2012 dhidi ya Thomas Lubanga wa Kongo, ilihusu kosa hilo. Alifungwa miaka 14. Mkataba huohuo, katika kifungu cha 26, unasema mahakama haina mamlaka juu ya mtu aliyekuwa chini ya miaka 18 wakati wa tendo linalodaiwa. Nazo Kanuni za Paris za mwaka 2007 zinaelekeza kwamba watoto wa aina hiyo wanaotuhumiwa kwa uhalifu wachukuliwe kwanza kuwa waathirika. Kwa kadiri ya mtoto wa hadithi yetu, basi, jibu la sheria liko wazi: aliyemtumia ndiye anayepaswa kusimama kizimbani.

Ugumu unaanza pale mtoto anapokua. Dominic Ongwen alitekwa na waasi wa LRA (Lord's Resistance Army) kaskazini mwa Uganda akiwa mtoto mdogo, njiani akienda shule, akalelewa ndani ya kundi hilo hadi akawa kamanda. Mwaka 2021 mahakama hiyohiyo ilimtia hatiani kwa makosa 61 ya uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu, yote ya wakati alipokuwa mtu mzima, na akahukumiwa miaka 25. Upande wake ulidai kwamba alitenda kwa kushurutishwa. Majaji waliikataa hoja hiyo, lakini utekwaji wake wa utotoni uliwafanya wapunguze adhabu ambayo ingeweza kuwa kifungo cha maisha. Naomba jambo hili lisomwe kwa heshima kwa walioumia, kwa maana katika kesi ile waathirika walikuwa maelfu na wao pia walikuwa na watoto waliotekwa.

Ninachotaka watunzi wakione ni kwamba mtu mmoja aliweza kuwa wa kuhurumiwa na wa kuhukumiwa, na mahakama haikulazimika kuchagua upande mmoja. Tena kifungu cha 31 cha mkataba ule, kinapozungumzia kushurutishwa, kinataka tishio liwe la kifo au la madhara makubwa yaliyo karibu, dhidi ya mtendaji au mtu mwingine, na kinataka pia mtendaji asikusudie kuleta madhara makubwa kuliko yale anayoyakwepa. Sharti hilo la mwisho ni zito kupindukia kwa mtoto mwenye nguvu za ajabu. Dada yake mmoja yuko hatarini, na anachoagizwa kukifanya kitaugharimu mji. Hakuna mtoto anayeweza kuibeba mizani ya namna hiyo, na mtunzi anayempa aibebe inampasa ajue amempa nini.

Mchangiaji wa tatu

Mimi kazi yangu ni kukaa na watoto waliotoka katika mazingira ya kutumiwa na watu wazima, na nitasema kwa kifupi kitu ambacho hadithi hukiruka.

Mtoto akishaokolewa, mara nyingi humtetea aliyemtumia, humuulizia kama amekula, na hukasirika akisikia anasemwa vibaya. Watunzi wengi huishia kwenye mlango unaovunjwa na waokoaji, wakidhani kazi imekwisha. Mtoto anayekimbilia mikononi mwa waokoaji akilia kwa furaha yupo, lakini yupo pia anayeganda, anayewapiga teke, anayejificha chini ya meza hadi bwana wake amruhusu kutoka. Kumpenda mtu aliyekudhuru hakumaanishi kwamba hukudhurika. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 una kifungu cha 39 kinachozitaka nchi kumsaidia mtoto aliyenyonywa au kuteswa apone mwilini na rohoni, katika mazingira yanayolinda afya yake, kujiheshimu kwake na utu wake. Wale walioandika maneno hayo walijua kwamba kumtoa mtoto mahali ni hatua ya kwanza tu.

Ningemwomba mtunzi aandike angalau sura moja ya baada ya hapo. Mtoto anaulizwa anataka kula nini, naye anashindwa kujibu, kwa sababu kwa miaka yote hakuna aliyewahi kumuuliza bila ya kuwa na jibu analolitaka.

Mchangiaji wa nne

Ndugu mchangiaji wa tatu amenifungulia njia. Mimi naona waovu wanaovaa sura ya uovu ni rahisi mno. Wanaonitia wasiwasi ni jamaa na wasimamizi ambao hawana nia ya kuangamiza mtu yeyote, ila maisha yao yameshajengwa juu ya kipaji cha mtoto.

Mwaka 1848, katika kijiji cha Hydesville huko New York, mabinti wawili wa familia ya Fox, Kate na Margaret, walianza kusikiwa wakijibiwa kwa sauti za kugongagonga ambazo watu waliamini ni za roho za wafu. Dada yao mkubwa Leah aliwachukua, wakaonyeshwa mbele ya watu kwa malipo, na ikazuka imani nzima iliyowategemea. Miaka 40 baadaye, mwaka 1888, Margaret alisimama hadharani mjini New York akaonyesha kwamba sauti zile zilitokana na kupasua viungo vya vidole vya miguu. Mwaka uliofuata akayakana maungamo yake. Wadogo wale waliishia katika ulevi na umaskini. Hawakuwa na nguvu za ajabu hata kidogo, na bado walitumikishwa kana kwamba wanazo. Wakubwa waliwahitaji wawe nazo, na kila mwaka uliopita ulizidi kuufanya ukweli uwe ghali.

Mfano wa pili ni wa kipaji cha kweli. Jackie Coogan alipata umaarufu mwaka 1921 akiwa mtoto, kwa kuigiza na Charlie Chaplin, akaingiza fedha nyingi, na alipofikia utu uzima alikuta sehemu kubwa imeshatumiwa na mama yake na baba yake wa kambo. Aliwashtaki mwaka 1938, na mwaka uliofuata California ikapitisha sheria ya kulinda mapato ya watoto waigizaji. Nani hapo alikuwa jambazi mwenye kinyago? Hakuwapo. Ndiyo maana nauliza: waokoaji wakishampata mtoto wetu, na nchi ikawa vitani, na yeye ndiye pekee awezaye kuwazuia adui, je, wakimwomba autumie uwezo wake kwa ajili ya wema, wametofautiana vipi na wale waliomteka? Na je, suluhisho si kwamba mwishoni nguvu zake zipotee, ili kila mtu amwache aishi?

Mleta uzi

Nimefurahi sana kwa michango hii, na nitajibu swali la mwisho kwa sababu limeunganisha yote yaliyotangulia.

Tofauti kati ya waokoaji na watekaji haiko katika uzuri wa lengo, kwa kuwa mtekaji naye kwa kawaida ana lengo ambalo analiona zuri na amemweleza mtoto kwa subira. Naiona tofauti katika jambo moja linaloweza kupimwa ndani ya hadithi: mtoto akisema hapana, nini kinatokea? Kama akikataa chakula kinabaki mezani, kitanda ni chake, sauti ya anayemuuliza haibadiliki na hakuna anayemtajia watu watakaokufa kwa ajili yake, basi aliombwa. Kama nyuso zinabadilika na kimya kinatanda hadi akubali, amehamishwa tu kutoka kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine. Mkataba ule wa mwaka 1989, katika kifungu cha 12, unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu kulingana na umri na ukomavu wake, na kifungu cha 3 kinataka maslahi yake yazingatiwe kwa uzito wa kwanza. Waokoaji wa hadithi wanaotaka kumrudisha mtoto vitani wana kazi ya kujibu vifungu vyote viwili, na mtunzi asiwasaidie kwa kumfanya mtoto ajitolee haraka kwa tabasamu. Tabasamu hilo linatia shaka. Mtoto aliyezoeshwa kuwaridhisha wakubwa atajitolea kwa yeyote, na mwokoaji mwenye busara ndiye atakayeikataa zawadi hiyo kwanza.

Kwa hiyo tukio ambalo ningelipa nafasi kubwa kuliko pambano lolote ni la mtoto kumkatalia mtu anayempenda. Kumkatalia mwovu kuna utukufu wake na wasomaji hushangilia, lakini hakumgharimu mtoto sana pindi anapomtambua kuwa mwovu. Kumkatalia mtu mwema, aliyemwokoa, mwenye shida ya kweli, kisha kukaa akingoja adhabu ambayo haiji, hapo ndipo anapoanza kuelewa kwamba nguvu zile ni zake. Naweza kuwaza sura nzima ya saa zinazofuata jibu hilo: anachungulia mlangoni, anahesabu hatua za watu sebuleni, anasogeza kikombe kwa mawazo yake ili mtu akumbuke kwamba bado anafaa, na yule mtu mzima anakirudisha kikombe mahali pake kwa mkono, bila kusema neno, anaendelea na kazi aliyokuwa akiifanya.

Kuhusu nguvu kupotea, siungi mkono, ingawa naelewa huruma inayokufanya upendekeze hivyo. Zikipotea, mtunzi ameepuka kujibu swali alilolianzisha mwenyewe. Watu waliomzunguka hawatakuwa wamejifunza kumwacha. Watakuwa hawana tena sababu ya kumfuata, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Tena ujumbe unaomfikia msomaji mdogo mwenye kipaji chochote, wa hesabu, wa sauti au wa mbio, ni kwamba usalama wake uko katika kukipoteza. Zibaki. Azitumie siku atakayotaka, kwa jambo alilolichagua, hata likiwa dogo kiasi cha kuwaudhi wakubwa wenye mipango yao.

Na hatia aliyoitaja ndugu yetu wa sheria isifutwe kwa sentensi ya kufariji. Mtoto ataambiwa kwamba halikuwa kosa lake, na ni kweli, lakini mikono yake inakumbuka. Ningependa mtunzi amruhusu aulize majina ya walioumia, na awepo mtu mzima mmoja mwenye ujasiri wa kumjibu.

Anayeandika hadithi ya aina hii sasa na amekwama kwenye sura ya kutoroka au kwenye ile inayoifuata, aweke muhtasari wake hapa chini, akieleza hasa mwovu wake anamshika mtoto kwa kitu gani, nami nitausoma na kuujibu.